Kovu la Mwembe

Fundi alikwisha panda ngazi, msumeno wa mashine ukinguruma mkononi, mwalimu mstaafu alipompungia asubiri kidogo. Mizizi ya mwembe ilikuwa imepasua ukuta wa jiko, na binti yake alimsihi kwenye simu aukate kabla nyumba haijamwangukia.

Mwalimu alitaka kuugusa mti tu. Mkono wake ukafika kwenye kovu la shina, pale marehemu mumewe alipopandikiza kijiti cha embe dodo mwaka waliooana. Katika ufa wa gome, vidole vikanasa uzi. Akauvuta taratibu. Kikachomoza kipande cha nailoni ya manjano, nusu yake imemezwa na mti.

Alikitambua papo hapo. Lilikuwa gauni lake la kwanza la kufundishia, lililotoweka kambani miaka arobaini iliyopita. Alimshuku jirani, wakanuniana msimu mzima, na mumewe akawa anamtuliza kwa uso mkavu: "Achana nalo, mke wangu. Aliyelichukua alikuwa na shida nalo."

Kumbe alilichana kufungia kijiti chake!

"Mwongo mkubwa wewe," akauambia mti, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi hayakukoma.

"Mama, kuna nini?" fundi akauliza, akizima mashine. "Nikate, nisikate?"

Akajifuta uso kwa kiganja chenye vumbi la gome.

"Shuka, mwanangu. Unamjua mtu wa kubomoa jiko?"