Mmoja Kati ya Besi Wawili

Mwalimu wa kwaya alipoikunjua ile barua, Norris Pettifer alianza kuvichunguza vifungo vya koti lake kama mtu anayeviona kwa mara ya kwanza. Barua haikuwa na jina la mwandishi. Aliyeiandika ni Norris mwenyewe.

"Nisameheni kuwaita kabla ya mazoezi," alisema Bi. Hale. "Imeandikwa hapa kwamba mmoja kati ya besi wawili wa upande wa kaskazini anateremsha sauti kwenye zaburi. Mmoja. Hakutajwa nani."

Besi wenyewe, waimbaji wa sauti nzito, ndio hao waliokaa mbele yake: Norris na Alban Tuck. Miaka ishirini na sita walikuwa wamesimama bega kwa bega katika kanisa kuu lile, wakiimba ibada ya jioni kwa mshahara, na kanzu zao zote mbili zilipigwa pasi na Maureen, mkewe Alban. Mke wa Norris alipofariki, ni Alban na Maureen waliomlisha majira yote ya baridi. Mpaka leo chakula cha Jumapili alikula kwao.

Ndiyo maana mkono ulikataa kuandika jina. Aliandika "mmoja wao", akajiona muungwana, akaitia barua posta huku masikio yanamwaka moto.

Lakini alikuwa amevumilia, jamani. Tangu Septemba, kila zaburi ikifika katikati, sauti nzito pembeni yake ilianza kuzama taratibu chini ya noti, ikiiburuta kwaya nzima. Waimbaji wa upande wa pili waliinua nyusi, na Norris aliona haya kwa niaba ya rafiki yake. Juu ya hayo, Alban alikuwa amezuka na tabia ya kumwegemea na kumwimbia karibu kabisa na sikio, kwa nguvu, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Uzee huo, Norris alijiambia.

"Hata mimi nasikia kitu kinashuka kwenye ile kona," Bi. Hale aliendelea, "ila pale ninaposimama siwezi kujua ni nani. Kwa hiyo Jumatatu mtaniimbia mmoja mmoja. Atakayeonekana ndiye, basi, itabidi tuagane. Redio inakuja kuturekodi Krismasi."

Alban aligeuka akamtazama Norris. Alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira. Norris alivirudia vifungo vyake. Amejua, aliwaza. Amejua mwandishi ni mimi.

"Usijipe kazi bure, Bi. Hale," Alban alisema. "Ni mimi. Koo limechoka, na nilikuwa natafuta namna ya kukwambia. Jumapili hii ndiyo yangu ya mwisho."

"Alban, lakini..."

"Wewe nyamaza, Norris. Hujaulizwa."

Zile nyumba ndogo nyuma ya kanisa, Alban na Maureen wakiwa katika mojawapo, ni za wanaoimba. Ukiacha kuimba, unarudisha ufunguo. Norris alilijua hilo vizuri siku alipoandika, na asingeweza kumdanganya mtu yeyote kwamba alisahau.

Jumatano iliyofuata alikwenda kuwasaidia kufunga vyombo. Maureen alikuwa anaviringisha vikombe kwenye magazeti, na hakuinua uso alipoingia.

"Shika hilo sanduku, shemeji. Taratibu. Umeshatuvunjia vya kutosha."

Norris alishika sanduku.

"Mnahamia wapi?"

"Kwa binti yetu, Grimsby. Chumba cha darini, paa limeinama hivi. Huyu bwana atagonga kichwa kila asubuhi mpaka akili imrudie." Alilirarua gazeti kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Ana moyo wa kijinga, huyu. Nimemwambia. Nimelia mbele yake. Hasikii."

"Maureen," Alban alisema kutoka jikoni. "Tulikubaliana."

Alitokea na birika la chai na kipande cha keki ya matunda, akamkatia Norris kikubwa kama kawaida yake. Norris alikitafuna kwa shida.

"Alban, ile barua..."

"Achana nayo, bwana. Ilisema kweli. Aliyeiandika ana masikio mazuri kutushinda sote." Alicheka, akampiga Norris begani. "Ila nikiondoka, wewe imba chinichini. Unanisikia? Chinichini tu, uwaache vijana wakubebe."

Norris aliitikia. Mtu aliyepoteza kazi na nyumba kwa wiki moja ana haki ya kutoa mawaidha anayotaka. Alilinyanyua sanduku la vikombe akatoka nalo mlangoni, na hakusema alichokwenda kukisema. Alijichukia njia nzima.

Ijumaa kinanda hakipigwi. Ndiyo desturi ya pale: siku hiyo sauti husimama zenyewe. Besi mpya alikuwa hajapatikana, na nafasi ya Alban ilikuwa tupu. Norris aliingia na kanzu yenye mikunjo, akajiona mchafu mbele ya kila mtu. Aliapa kwamba ibada ikiisha tu atakwenda kwa Alban akiri, na kama ni kofi, apigwe kofi. Angalau leo zaburi itasimama, alijiambia, na wazo hilo nalo likamtia aibu.

Mstari wa kwanza ulisimama. Wa pili pia, na wa tatu. Kwenye wa nne, ile sauti nzito ilianza kuzama, palepale pembeni yake, na waimbaji wa upande wa pili wakainua nyusi.

Norris aligeukia nafasi ya Alban. Hapakuwa na mtu. Akafunga mdomo, na sauti ikakoma.