Sikio la Kushoto

Bi Zuwena alirudi nyumbani baada ya siku thelathini na nane katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mguu wa kulia ulikuwa umelegea, mikono ilitetemeka, na mpira wa kupumulia aliowekewa kooni ulikuwa umemwachia mnong'ono tu badala ya sauti. Naye mumewe, Mbaruku, masikio yake yalikuwa mazito tangu enzi alipofanya kazi ya kupasua mbao kiwandani.

Zuwena akiomba shuka, aliletewa sukari. Akiomba ageuzwe, alifunguliwa dirisha. Siku ya tatu akaacha kusema kabisa, akawa anatazama ukuta.

"Umenikasirikia, mke wangu?" Mbaruku aliuliza, bakuli la uji mkononi.

Alitikisa kichwa. Machozi yakamtoka.

Mbaruku akaweka bakuli chini, akapanda kitandani polepole kwa magoti yake mabovu, akalisogeza sikio la kushoto, lile lenye nafuu, mpaka likagusa midomo ya mkewe.

"Sema, bibie. Mimi siondoki hapa."

Zuwena akavuta pumzi. Kulikuwa na jambo moja alilotoka nalo hospitali, ambako madaktari walimwambia mumewe kwamba mgonjwa hasikii chochote.

"Kila siku ulipokuja ukaniita," alinong'ona, "nilikuwa nakusikia."

Mkono wa Mbaruku ukambana begani. Zuwena akajua kwamba safari hii amesikia, kila neno.

"Rudia," Mbaruku akasema, bila kuinua kichwa.