Mgonjwa wa Kwanza

Mama hakuwa na homa. Mwanaima alimgusa tena paji la uso, akamshika kifundo cha mkono na kusikiliza mshipa, akamfunua jicho akalitazama. Hakuona kitu. Mshipa ulikwenda taratibu, ulimi ulikuwa safi, na bakuli la uji lilikuwa tupu, ingawa hakuna aliyemwona akila. Hata hivyo Bi Mwanapili alilala amejigubika kanga, akiguna kila mtu alipopita mlangoni.

Uani, wanawake wa Mwabungo walikuwa wakitandika mikeka. Mzee Dzombo, mganga, alizipasha ngoma zake moto ili ngozi zikaze. Kati ya majuma yote ya mwaka, mama alikuwa amechagua juma hili kupandwa na pepo. Mwanaima alitamani kupiga ukelele.

Jumamosi chuo cha wauguzi cha Mombasa kingeacha kupokea wanafunzi. Mwalimu Dama, aliyemfundisha mpaka akamaliza kidato cha nne, ndiye aliyemtafutia nafasi. Mwalimu huyo hakuwa na desturi ya kuwauliza wasichana wanatamani kuwa nani. Aliwauliza ni kazi gani wanayoifanya hata bila kutumwa. Mwanaima hakuhitaji kufikiri. Mwenzake alipopasuka mguu uwanjani, wengine walikimbia kutafuta msaada, yeye akabaki kuufunga kwa leso yake. Damu haikumtisha, usaha haukumtapisha, na somo la baiolojia alilipenda kama wali wa nazi.

Baba yake, Chirau, alikuwa na lake. Bendera mpya ilikuwa haijatimiza mwaka, na ofisi za Kwale zilitafuta vijana waliosoma. Chirau alikwisha kuzungumza na chifu: Mwanaima atakuwa karani, atapiga taipu, jioni atarudi nyumbani. Akapelekwa kujaribu. Alidonoa herufi kama kuku, akachafua karatasi, vidole vikanasa kwenye utepe wa wino. Karani mkuu alimsifu kwa adabu tu. Mwanaima alirudi akamwambia baba kwamba kazi ile haiwezi na hataiweza.

"Uhuru umekuja ili mwanangu akae kitini," Chirau akamjibu, "si ili akaoshe vidonda vya wanaume asiowajua."

Mwalimu Dama alikuja kumsihi, akaambulia kahawa. Chifu naye, alipogeuka na kusema kwamba hata wauguzi wanatakiwa, aliambiwa awaachie wenyewe mambo ya nyumba yao. Chirau alikuwa mtu wa neno moja, na neno lenyewe alikuwa amelitoa barazani, mbele ya ndugu zake. Kulirudisha kinywani ilikuwa aibu asiyoweza kuibeba.

Lakini kilichomuuma Mwanaima zaidi ni mama. Siku aliyokuja Mwalimu Dama, mama aliketi jikoni akikuna nazi, akasikia kila neno, asifungue kinywa. Mwanaima alimsubiri aseme japo "mwache mtoto". Mama alikuna nazi ile ikaisha, akachukua nyingine. Kesho yake akaanguka.

Sasa nani wa kumwuguza, kama si binti yake wa pekee? Mwanaima alielewa yote. Mama hakutaka kuachwa, na ugonjwa huu ulikuwa kamba ya kumfungia nyumbani. Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba kipawa chake ni kumtazama mtu na kujua kinachomsumbua. Basi mgonjwa wake wa kwanza alikuwa huyu, na alikuwa mzima kama kigongo.

"Mama, huumwi," akamwambia kwa sauti ya chini.

"Nipe maji, mwanangu," Bi Mwanapili akasema bila kufumbua macho. "Kisha nitoe nje. Na baba yako mwambie akae mbele."

Mwanaima alimtoa kwa hasira, nusura amburute. Ngoma zikaanza, ubani ukafuka. Bi Mwanapili alikalishwa mkekani akafunikwa shuka, na wanawake walipopandisha nyimbo mabega yake yakaanza kutikisika. Chirau aliketi kigodani, jasho likimtoka. Yule aliyembishia chifu sasa hakuthubutu hata kukohoa. Kila mume pale alijua kwamba pepo akishapanda hupewa atakacho. Asipopewa, mke haamki, na lawama yote humwangukia mume. Jirani yao alikataa kununua kitambaa chekundu, mkewe akalala mpaka mpunga ukavunwa.

Mwanaima alisimama nyuma ya watu, machozi ya ghadhabu yakimchoma macho. Aliiona safari yake ikimponyoka hivi hivi, kwa nyimbo na moshi. Moyoni alisema kwamba hatamsamehe mama, na alipoisikia nafsi yake ikisema hivyo hakujuta.

Mzee Dzombo aliinama, akamkaribisha mgeni kwa heshima zote. Akamwuliza kama ataka kanga. Kichwa kikatikisika chini ya shuka. Akamtajia mbuzi, akamtajia marashi. Kichwa kikatikisika vile vile.

"Basi wataka nini, bwana mkubwa?"

"Gauni jeupe," ikajibu sauti nzito ya kiume kutoka kifuani mwa Bi Mwanapili.

Chirau akashusha pumzi. Gauni aliliweza. Akaapa kwa Mwenyezi Mungu, mbele ya ndugu zake na majirani wote, kwamba gauni hilo litapatikana bila kukosa, na kwamba kesho asubuhi mkewe atapelekwa kwa fundi cherehani akapimwe.

"Si la huyu," pepo akanguruma. "La binti. Na avalishwe na chuo cha wauguzi, Mombasa, kabla ya Jumamosi. La sivyo, sishuki."