Mshenga Mwenye Haraka

Gauni la mshenga lilirudi tena kupunguzwa kiuno. Mshonaji alilitandaza mezani, pini akiwa amezibana midomoni, akatikisa kichwa.

"Dada, ukiendelea kujinyima hivi, iko siku utaniletea gauni la mwanasesere."

Mshenga alicheka, akajishusha kwenye kiti cha wateja akihema kama mtu aliyepanda ngazi. Ngazi zenyewe hazikuwapo. Kibanda kilikuwa kando ya barabara.

"Umefika wapi?" aliuliza, akikionyeshea kidole kitabu kilichofichwa chini ya vipande vya kitambaa.

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wa mshonaji. Mtu mzima na heshima zake, lakini mpe riwaya ya zama za kati, zile za ngome na mabwana wapanda farasi, ndani yake binti anaozwa kwa bwana asiyemjua, basi cherehani italala na wateja watakoma. Na zote ni hadithi ile ile. Bwana hacheki na mtu, binti analia, wanatiwa chumba kimoja, siku zinapita. Halafu usiku mmoja wa baridi bwana anamfunika blanketi, akidhani amelala. Hapo mshonaji hulia kila mara, wala haoni haya.

"Wamefika kwenye blanketi," alisema.

"Ehe! Hebu niambie ukweli. Unazipendea nini?"

Mshonaji alitoa pini midomoni. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo bila kumcheka.

"Kwa sababu binti hakuchaguliwa, dada. Katupwa tu pale kama mzigo, na bado anapendwa. Mimi nilichaguliwa. Mwanamume mwenyewe alinifuata, akaniapia, kisha akanichoka akaenda zake. Halafu kule vitabuni kuna mwandishi, anahakikisha mambo yanakwisha vizuri. Huku kwetu nani atanihakikishia?"

"Mimi," alisema mshenga.

Akaanza tena habari za mtu wake wa nyumbani, zile zile anazokuja nazo kila mara. Fundi bomba, ana kovu shavuni, maneno yake machache.

"Ngome anayo?" mshonaji alimtania.

"Ana vyumba viwili na paa lisilovuja."

"Na farasi?"

"Baiskeli. Breki zake ni kumwomba Mungu tu."

Walicheka wote wawili, mpaka mshenga akashikwa na kikohozi, akajishika ubavu. Kilipotulia, aliendelea kwa sauti ya chini.

"Asubuhi usimsemeshe kabla hajanywa chai. Akiudhika atatafuta kitu cha kutengeneza, mwache atengeneze. Neno nakupenda halijui, usilingojee. Lakini ukiumwa hakai chini. Usiku ataamka akusikilize kama unapumua."

"Mh! Unampigia chuku kaka yako."

"Nimekaa naye nyumba moja. Namjua kuliko anavyojijua."

"Sasa mbona ana haraka hivyo?"

"Yeye? Hana haraka hata chembe. Mwenye haraka ni mimi."

Mshonaji alishika sindano, akaiweka. Alitaka kukataa, kama alivyokwisha kukataa mara zote. Lakini alikuwa amechoka kurudi jioni kwenye chumba ambacho hakuna wa kumuuliza ameshindaje, na uchovu huo ulimuuma kuliko hofu.

"Akiniona akanikataa?"

"Mwanzoni hatacheka nawe, nakwambia mapema. Mvumilie. Niahidi utamvumilia."

Machozi yalimlengalenga mshenga. Mshonaji alidhani ni furaha ya mtu ambaye kazi yake inaelekea kufanikiwa, akaona hata aibu kumchelewesha hivyo.

"Haya, nakuahidi. Lakini leo ni kumwona tu, jamani! Kumwona tu."

Alifunga kibanda mapema, akajipaka poda, wakaondoka. Walitembea polepole, maana mshenga aliomba kupumzika kila kona. Mshonaji hakujali. Alijiona mjinga, alijiona mwenye furaha, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuwa na haja ya kujua mwandishi ni nani.

Mlango ulifunguliwa kabla hawajabisha. Kovu lilikuwa pale pale shavuni, kama alivyoambiwa. Mwanamume hakumwona mgeni kabisa. Alimrukia mshenga, akamdaka mabega.

"Daktari kasema usiinuke kitandani, nawe umetoka tena! Unataka kuniacha hata kabla siku alizokupa hazijaisha, mke wangu?"