Divai Ilikuwa Haijalala

Katika mji ule wa mizabibu kando ya bahari, pipa la divai mpya halikuzibwa mpaka mwenye nyumba alitegee sikio na kusema, "Imelala," yaani imeacha kuchemka kwa chachu.

Asubuhi hiyo ukungu wa bahari ulikuwa umeingia hadi ghalani. Gaudensi alipiga magoti, akaegemeza sikio kwenye mbao za pipa, akafumba macho.

"Imelala," alisema. "Lete kizibo, mama Filo."

Mkewe, Leokadia, alisimama mlangoni na kizibo mkononi. Hata kutoka pale aliisikia divai ikichemka, ikivuma kama mawimbi yanayorudi juu ya kokoto. Kama ingezibwa sasa, pipa lingepasuka na jasho lao la mwaka mzima lingemwagika.

"Bado, baba Filo."

Mumewe hakugeuka.

"Bado!"

Hakugeuka. Ndipo Leokadia alipoelewa kwa nini msimu mzima kila alichomwambia kilijibiwa kwa tabasamu.

Akaweka kizibo chini, akamsogelea, akaushika mkono wa mumewe na kuubandika kwenye pipa. Mbao zilikuwa zikitetemeka. Gaudensi alifumbua macho, akazitazama zile mbao, kisha akamtazama mkewe.

Mkono mmoja aliuacha pale pale. Wa pili, uliokuwa bado na rangi ya zabibu, akauinua taratibu na kuulaza kwenye koo la Leokadia.

"Niite," alisema. "Kwa jina langu."