Lunch na Binti Mfalme

Kyule alichukua simu ya Mama Mbugua hata kabla washuke kwa teksi. Akaizima, akaiweka kwa mfuko ya koti.

"Ni protokali, mathe. Huko ndani kuna binti mfalme. Simu haziruhusiwi."

"Na Mbugua akinipigia?"

"Atanipigia mimi."

Mama Mbugua akashuka, wakaingia hoteli. Leo hakutaka vita. Alikuwa amevaa ile nguo ya bluu ya harusi ya dadake, viatu ameazima kwa jirani yake Shiru, na zulia ya hiyo hoteli ilikuwa laini mpaka kisigino inazama. Mtoto wake na Kyule walitengeneza app ya kuitisha mkokoteni kwa soko ya Gikomba. Waliitengenezea kwa meza yake ya kukula, pale Ziwani, miaka tatu, wakimaliza stima yake na majani chai yake. Sasa binti mfalme ametoka ng'ambo kuwapea tuzo, na kadi imeandikwa majina mbili. Alitaka kitu moja tu. Mbugua aitwe mbele ya hao watu wote, asimame, na yeye awe hapo akiona.

Shida ni Mbugua hakuwa hapo.

Alitoka nyumba saa kumi na moja asubuhi na pikipiki, ati mkokoteni ya mteja imekwama soko. "Tupatane huko kwa hoteli, mathe." Saa nne ni Kyule alikuja kumchukua, suti imekaa poa, macho nyekundu kama ya mtu amekata vitunguu.

Wakaketi. Kiti ya katikati ikabaki wazi.

"Ako wapi?"

"Amekwama kwa jam, mathe."

"Jam gani na pikipiki?"

Kyule akakunywa maji. Hiyo ilikuwa glasi ya tatu.

Chakula ikaletwa. Mama Mbugua akahesabu uma zimepangwa kando ya sahani.

"Hizi zote ni za nani?"

"Ni zako. Unaanza na ya nje, unaingia ndani."

"Kwani nimekuja na mikono ngapi?"

Siku zingine Kyule angecheka mpaka ashike tumbo. Leo alitabasamu na mdomo tu. Na hakukula. Kijana mwenye alikuwa anamaliza githeri kwake mpaka anakwangura sufuria, leo anasukuma nyama kwa sahani kama mgonjwa.

Hapo ndio Mama Mbugua akaona meza ya kando. Wasichana wawili wamesimama, wanajipiga picha na simu. Na ile ingine pia. Hata mzee wa mbele alikuwa anaongea na yake.

"Kyule. Si ulisema simu haziruhusiwi?"

"Hao ni wakubwa, mathe."

Simu ya Kyule mwenyewe ilikuwa inatetemeka chini ya meza kila dakika. Anasoma, anaficha.

"Na huyo ni nani?"

"Watu wa mtaa. Wanauliza kama tuko sawa."

Mama Mbugua akaweka uma chini. Alianza kuona. Tuzo moja, vijana wawili, halafu mmoja hayuko.

"Ulimwambia hoteli ingine, sindio?" alisema pole pole. "Ndio uitwe peke yako."

"Hapana, mathe. Nakuapia."

Majina yakaitwa. Kyule akapanda jukwaa peke yake. Binti mfalme, msichana mwembamba wa gauni kijani, akamuuliza kitu. Kyule akamnong'onezea. Yule msichana akaweka mkono kwa kifua, akaangalia watu, akatafuta meza yao. Halafu akashuka.

Mama Mbugua alikuwa amefunzwa asimguse. Asitoe mkono mpaka atolewe, ashike kidogo, aachilie. Lakini ni binti mfalme mwenyewe alimshika mikono yote mbili, akakaa nayo. Walinzi walikuwa wanaangaliana.

"Umemwambia nini?" Mama Mbugua alimuuliza Kyule akirudi.

"Nimemwambia wewe ndio mama ya Mbugua."

Kwa teksi Mama Mbugua hakumwachilia. "Mwizi wewe! Nimekulea na yeye, sahani moja, leo unamkulia jina! Ngoja umpate nyumbani. Ngoja umwangalie kwa macho."

Kyule alikuwa amegeukia dirisha, mabega yanaruka.

"Lia tu! Hata mwizi akishikwa hulia."

Simu ikaita. "Niko na yeye," Kyule akasema. "Tumefika roundabout."

Saa kumi jioni wakaingia Ziwani. Mama Mbugua akatoa kichwa nje. Viti za kanisa zilikuwa zimejaa mpaka kwa barabara. Kulikuwa na sufuria kubwa ya chai, wamama wamejifunga leso, pasta na kola yake. Hata Githinji, brother yake wa Murang'a, yule husema Nairobi inamuumiza kichwa, alikuwa amesimama kwa mlango na koti nzito.

Hasira yote ikamwisha.

"Kumbe ni sapraizi!" Alimpiga Kyule begani, anacheka na machozi. "Mbugua amejificha ndani! Nisamehe, mtoto wangu, nisamehe. Mlinicheza nyinyi wawili!"

Akaruka nje kabla gari isimame vizuri. Akainua kichwa akapiga ngemi, vigelegele za kwao, ya kwanza, ya pili, zile tano za kijana, kama siku ile alimzaa.

Hakuna mwanamke hata mmoja aliitikia.

Githinji akamkumbatia, akamkaza sana, na juu ya bega yake akaongea na Kyule.

"Asante kijana, kwa kukaa na yeye kutoka asubuhi. Sasa tumefika wote. Wacha tumwambie sisi."