Bibi Bado Yuko Herufi B

Mjukuu alisimama mlangoni, amejificha nyuma ya mguu wa baba yake. Ndiyo kwanza anamwona bibi yake mshonaji, na Kiswahili hajui. Anajua Kidenmaki tu.

"Mama, ngoja nikutafsirie," alisema baba mtu.

"Nani kakuomba? Hebu kaa kando."

Tangu aliposikia wanakuja, bibi alikuwa akiisoma kamusi ya Kidenmaki na Kiingereza pale kwenye cherehani, kuanzia ukurasa wa kwanza, kama anavyoshona pindo: huruki, unafuata mstari. Mwanawe alipomcheka kwenye simu, alimjibu kuwa haba na haba hujaza kibaba. Sasa wageni wamefika, naye bado yuko herufi B. Neno la kumkaribisha mgeni liko mbali huko mbele. La kupenda pia hajalifikia. Anajua "and", yaani bata, anajua "aften", yaani jioni, anajua benki.

Mtoto alizidi kung'ang'ania suruali ya baba yake.

Bibi akapiga magoti. Alilikumbuka neno "barn", yaani mtoto, na jirani yake wa juu kidogo, "bange", yaani mwenye hofu. Siku alipoyasoma alishangaa kuyakuta yamekaa karibu hivyo.

Hakumnyooshea mtoto kidole. Alijigusa kifuani mwake, subana ya kujikinga na sindano bado imo kidoleni, akasema, "Bange."

Mtoto akachungulia. Akajibu kwa sauti ndogo neno la huko mbele, ambalo bibi hajalifikia. Kisha akaiachia suruali, akaivua ile subana taratibu kidoleni mwa bibi, akaivaa yeye.